Vipande Kumi vya Kushoto

Msomaji, najua umeninunia. Wiki iliyopita nilikuacha na Karani amepiga magoti sebuleni kwake, kipande cha koti kakibana kifuani, macho yamemtoka, na mlangoni mtu anabisha hodi. Nikakata hapo hapo. Unisamehe, ukurasa nao una mwisho wake. Haya, tuingie ndani kabla huyo mgeni hajachoka kusubiri.

Hodi ikapigwa mara ya pili.

Karani hakuitikia. Alikuwa anahesabu. Kipande cha kwanza cha kifua, kushoto. Cha pili, kushoto. Cha tatu alikiweka juu ya cha pili, vikalingana kila kona. Alipofika cha kumi alirudi akaanza upya, kama vile kitambaa kingeweza kubadili nia.

Vyote kumi vilikuwa vya kushoto. Makoti matano ya wapambe wa mdogo wake, na hakuna hata moja lenye kifua cha kulia.

"Jirani, upo?" sauti ikauliza nje. "Nimefuata kisu changu."

Alikuwa Jirani Sofa, fundi wa makochi wa nyumba ya pili, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye kipara safi na subira isiyoisha. Kisu alichokifuata ni kile cha kukatia magodoro, na ndicho kilichofanya maafa haya.

"Pita, jirani," Karani akasema. "Pita uone kisu chako kilivyonifanya."

Kwa wale mnaolishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, Karani ni karani wa masjala. Miaka kumi na minne anapanga mafaili, na hakuna karatasi iliyowahi kumshinda. Alipotakiwa kukata vifua kumi, alifanya kile ambacho mikono yake inakijua. Alikata vitambaa kumi vya urefu mmoja, akavipanga kimoja juu ya kingine, vyote vimetazama juu kama barua, akagonga kingo zilingane, akabana na vibanio vya ofisi, akapitisha kisu mara moja. Nakala kumi, safi kabisa. Nusura ajipigie makofi.

Ila barua haina kushoto na kulia. Koti linayo.

Jirani Sofa aliviinamia vile vipande, akavihesabu mwenyewe.

"Na mikono?" akauliza.

Karani alikuwa hajafikiria mikono. Akaivuta kutoka kwenye kiti, akaitandika sakafuni. Mikono kumi, yote ya kushoto.

"Angalau migongo ina nafuu," Jirani akasema. "Mgongo hauna upande."

"Jirani, usinifariji."

"Sasa si ukigeuze tu? Kipande cha kushoto ukikigeuza kinakuwa cha kulia. Mito ya makochi yangu nageuza kila siku."

"Tazama hiki kitambaa." Karani akakunja ncha. Nje kilikuwa kijani cha chupa kinachong'aa mpaka unaona dirisha ndani yake. Ndani kilikuwa kijani kilekile, lakini kimepoa, kimefubaa kama ukuta uliokauka rangi. "Nikigeuza, upande mmoja unang'aa na mwingine umelala. Mtu atavaaje hivyo?"

"Kanunue kingine."

"Nilichukua kipande cha mwisho dukani. Muuzaji alinipa mpaka ule mti wa kuviringishia."

Jirani akakaa chini.

Hapo ndipo simu ilipolia. Alikuwa Kitinda, mdogo wake, bi harusi mwenyewe.

"Dada, uko vizuri?"

"Mzima kabisa."

"Shangazi Mkasi haji tena kesho."

Karani alihisi roho inarudi mahali pake. "Alhamdulillahi."

"Anakuja leo. Saa kumi. Yuko nami hapa anachagua viatu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo.

Nikukumbushe huyu Shangazi Mkasi ni nani, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa imeisha zamani. Ni shangazi wa bwana harusi, mwenye karakana ya cherehani sita na jina linalotetemesha mafundi wenzake. Wiki tatu zilizopita, wakwe wote wamekaa, alitangaza kwamba makoti ya wapambe yako tayari. Matano. Ya zambarau. Vifungo vya dhahabu vikubwa kama visosi, na mgongoni limedariziwa jina la karakana yake.

Kitinda akainuka mbele ya ukoo mzima wa mumewe mtarajiwa. "Ahsante, shangazi," akasema. "Lakini makoti ya wapambe wangu anashona dada yangu."

"Dada yako anajua kushona?"

"Anajua."

Kwa tarehe ile, Karani alikuwa ameshona foronya mbili, na aproni moja yenye mfuko uliofungwa pande zote nne. Alikuwa amemlea Kitinda tangu mama yao alipofariki. Alimsainia kila fomu, alimpeleka kila mahali palipohitaji mhuri, lakini kitu cha kumtengenezea kwa mikono yake miwili hakuwahi. Usiku mmoja alimwambia mdogo wake, kwa aibu kidogo, kwamba angependa harusini awe na kitu chake. Kitinda akalibeba neno hilo, akaenda kuliweka mbele ya wakwe kama kiapo.

Shangazi alitoa sharti lake palepale. Siku tatu kabla ya harusi ataona koti moja lililokamilika. Asipoliona, yanavaliwa ya zambarau. Na zaidi ya zambarau, Kitinda ataingia kwenye ukoo ule akijulikana kama mwanamke wa maneno matupu, kuanzia siku ya kwanza.

"Dada," Kitinda alikuwa anasema kwenye simu, sauti ameishusha. "Nimemwambia moja limeshakwisha. Si limekwisha?"

Karani akatazama vipande kumi vya kushoto.

"Njooni," akasema, akakata simu.

Jirani Sofa alikuwa bado anakikunja na kukikunjua kile kitambaa, mng'ao, mfubao, mng'ao, mfubao.

"Unajua," akasema taratibu, "kwenye kochi, penye vitambaa viwili visivyopatana tunapitisha mkanda katikati. Ukishaweka mkanda, watu wanadhani ulipanga."

Karani akageuka. "Rudia hayo maneno."

"Mkanda. Kwenye maungio."

"Jirani, beba hivi."

Wakatoka mbio. Karakana ya Jirani ilikuwa ukuta mmoja na jiko la Karani, imejaa fremu za viti, sponji, na cherehani moja nzito yenye sindano nene ambayo, kwa maelezo ya mwenyewe, ikikasirika inashona na mbao.

Jirani akakanyaga, Karani akashika kitambaa. Kifua cha kushoto kikawekwa kinang'aa. Kifua cha kulia kikageuzwa, kikafubaa. Mkono wa kushoto unang'aa, wa kulia umelala. Kila palipokutana pande hizo mbili, pembeni mwa kifua, begani, kuzunguka kwapa, mkanda mweusi wa sofa ukapita.

"Pole pole kwenye kona," Karani akasema.

"Kochi halina kwapa, jirani. Nivumilie."

Mara ya kwanza mkono ulikaa nyuma mbele, ukawa unaelekeza mgongoni kama unaonyesha mtu njia. Wakafumua. Mara ya pili ulikaa. Saa nane, kola. Saa tisa kasoro, bitana ya ndani, ambayo ilikuwa pana kuliko koti lenyewe, ikabidi waikunje mikunjo miwili wakubaliane kwamba ni ya makusudi.

Saa tisa unusu Karani alirudi sebuleni na koti. Lilibaki pindo la chini tu, nalo lilitaka mkono. Akakaa kwenye kochi, koti kalilaza mapajani, akatia uzi kwenye sindano akaanza. Alishona bila kuinua kichwa. Mishono midogo, ya karibu karibu, kama mwandiko wake. Jirani Sofa, aliyemfuata na pasi mkononi, alisimama pembeni akisema "Ehe, ehe," mpaka mshono wa mwisho ukafungwa na fundo mara tatu.

"Limekwisha," Karani akasema.

Hodi ikapigwa.

Karani akainuka kwenda kufungua. Koti nalo likainuka.

Akakaa. Akainuka tena, taratibu safari hii, akitazama chini. Koti lilikuwa limemng'ang'ania magotini kama mtoto asiyetaka mama aondoke. Akavuta, gauni lake likavutika pamoja nalo.

Msomaji, mtu asiyezoea akishonea mapajani, sindano haijui iishie wapi. Pindo lote la koti, kuanzia kushoto hadi kulia, lilikuwa limeshonwa na gauni la Karani. Na kwa ile mishono yake ya karibu karibu, lilikuwa limeshonwa vizuri sana.

"Mkasi," akanong'ona.

"Nimeuacha kule karakana," Jirani akanong'ona naye.

Mlango ukafunguliwa. Kitinda hakuwa na desturi ya kungoja afunguliwe kwa dada yake. Nyuma yake akaingia Shangazi Mkasi, mrefu, mnene wa heshima, mkoba mkononi na mfuko wa plastiki chini ya kwapa. Kitinda alinyoosha mkono aupokee ule mfuko, Shangazi akaubana zaidi.

"Shikamoo, Shangazi," Karani akasema. Akiwa amekaa.

Mgeni wa umri ule anaingia, mkwe, na mwenye nyumba hainuki. Kitinda akamtumbulia dada yake macho.

"Marahaba," Shangazi akasema kwa baridi. Akamgeukia Jirani Sofa. "Na wewe kijana hujambo?"

Jirani Sofa, ambaye hajaitwa kijana tangu alipokuwa kijana, aliona haya. "Shikamoo," akasema, ingawa huenda walilingana.

"Dada," Kitinda akasema kwa meno, "hebu simama umpishe Shangazi hapo."

"Miguu, mdogo wangu. Imekufa ganzi."

"Haidhuru," Shangazi akasema. "Sikuja kutazama miguu. Koti liko wapi?"

"Hili hapa mapajani."

"Nipe."

"Haliji, Shangazi."

"Haliji kivipi?"

Karani akavuta pumzi. "Likija, linakuja na mimi."

Jirani Sofa akageukia ukutani, mabega yakawa yanamtikisika. Shangazi akasogea. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Kisha akafanya jambo ambalo Karani aliliona la ajabu kwa fundi mkubwa kama yule. Hakulitazama koti. Alilipapasa. Vidole vikapita kifua cha kushoto, vikavuka mkanda, vikafika cha kulia, vikasimama. Vikarudi. Vikaenda kwenye mikono, mmoja kisha mwingine.

"Ulilaza vitambaa vingapi kwa pamoja?" akauliza.

Karani akajua amekamatwa.

"Kumi."

"Vyote vimetazama juu."

"Vyote."

Kitinda alikuwa ameinama sasa, naye ameona. Nusu inang'aa, nusu imelala. Karani aliuona uso wa mdogo wake ukibadilika na moyo wake ukamuuma. Neno alilolitoa yule binti mbele ya wakwe lilikuwa limelala hapo mapajani mwake, limeshonwa na gauni la kazini. Kusema uongo zaidi hakuweza.

"Ni kosa langu, Shangazi. Nilikosea kukata."

"Mimi ndiye niliyetaka liwe hivyo," Kitinda akasema.

Walisema kwa pamoja, sentensi mbili zikagongana hewani. Wakatazamana.

Shangazi akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Hapa kuna mmoja muongo."

"Ni mimi," dada na mdogo wakajibu, tena kwa pamoja.

Shangazi Mkasi akafungua mkoba, akatoa mkasi mdogo uliolika makali kwa miaka. Akapiga magoti. Naam, msomaji, Shangazi yule yule, kwenye sakafu ya Karani, na kwa ncha ya mkasi akaanza kufumua mshono baada ya mshono, akifuata uzi kwa kidole kama mtu anayesoma gizani. Ilimchukua dakika nyingi.

Koti lilipoachia, akainuka akalivaa mwenyewe. Halikufunga, lilikuwa la binti mwembamba. Lakini akaenda mbele ya kioo, akageuza bega hili, akageuza bega lile. Bega moja likawaka, la pili likatulia.

"Mkanda kapitisha nani?" akauliza.

"Mimi," Jirani Sofa akasema, tayari kuhukumiwa.

"Ni mkanda wa kochi."

"Ndiyo, mama."

"Mkono mzuri." Akalivua, akampa Kitinda. "Yatavaliwa. Yote matano yawe hivi hivi, msithubutu kurekebisha."

Kitinda alipiga kelele ya furaha iliyomshtua hata mwenyewe. Akataka kumrukia dada yake, Shangazi akamzuia kwa mkono.

"Utamkumbatia baadaye. Kwanza nipelekee huu mkoba garini, nisije nikausahau. Na wewe kijana mpe mkono, mlango wa gari langu una tabia."

Akautia mkasi mkobani, akaufunga, akamkabidhi. Wakatoka. Mlango ukajifunga.

Shangazi hakukaa. Alikwenda dirishani akahakikisha wamefika mbali. Aliporudi, ule mfuko wa plastiki alikuwa ameushika kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Sikuja leo kwa ajili ya koti lako."

Akatoa vipande viwili vya kitambaa cha bluu nzito, akavilaza mapajani mwa Karani. Karani alikijua kitambaa kile. Kila mtu alikijua. Kitinda alizunguka maduka siku mbili kukichagua, kwa ajili ya koti la bwana harusi, ambalo Shangazi mwenyewe ndiye aliyepewa kulishona.

Akaweka kimoja juu ya kingine. Vikalingana kila kona.

"Vya kushoto," Karani akasema. "Vyote viwili."

"Miaka thelathini nakata," Shangazi akasema. "Siku hizi sura ya kitambaa na mgongo wake siioni. Naipapasa. Juzi nilikata nikiwa na haraka, sikupapasa." Akakaa kando ya Karani, akawa mdogo ghafla. "Wale vijana sita pale karakana wakijua kwamba macho yamekwisha, kesho kila mtu ana duka lake. Nilikuja nitafute kasoro kwenye koti lako. Nilisema nikikuta limeharibika, makelele ya makoti yako yatanifunika mimi. Sikutegemea kukuta umepita palepale nilipoangukia, ukatoka."

Karani alipaswa kukasirika, na kidogo alikasirika. Lakini alikitazama kile kidole kilichozoea kuongoza mkasi, kikipapasa ukingo wa kochi, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Kitinda asijue," Shangazi akasema. "Wala mpwa wangu. Nionyeshe tu ulivyogeuza, nikamalizie mwenyewe."

"Shangazi, mimi simfichi mdogo wangu kitu."

"Mpaka Jumamosi tu. Nakuomba."

Mtu wa masjala huwa na faili la siri, anajua uzito wake. Karani akatazama mlango, akachukua sindano.

"Tazama, yaani, papasa," akasema. "Hiki kinabaki. Hiki unakigeuza. Unavilaza hivi, unashikiza kwa mkono kwanza, mishono ya karibu, ndipo mkanda." Akashona. Shangazi akafuata kwa kidole, akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Mshono mmoja, kumi, ishirini. Kazi ilikwenda vizuri hata wote wawili wakasahau kusikiliza nje.

Hatua zikasikika ukumbini.

Shangazi akaruka. Kwa wepesi usio wa umri wake akanyakua foronya kutoka kochini, moja ya zile mbili za kwanza, akaitupa juu ya mapaja ya Karani. Bluu yote ikafunikwa. Kitinda akaingia peke yake, macho yamelowa.

"Nimeuacha mkoba garini, Shangazi, kama ulivyosema. Gari nimelifunga." Akamgeukia dada yake. "Dada, pale nje ndo nimekumbuka. Ulisema kweli mbele yake. Ungeweza kusema ni mtindo, ukasema umekosea. Mimi na wewe hatujawahi kufichana, na leo sikukuangusha, na wewe hukuniangusha."

Akafungua mikono yake miwili.

"Sasa ganzi imeisha. Simama nikukumbatie."

Karani akapitisha kidole chini ya foronya, taratibu, kufuata uzi. Ulipita kwenye bluu ya kwanza. Ukapita kwenye bluu ya pili. Ukaendelea mpaka kwenye gauni lake, mishono ishirini, ya karibu karibu.

"Simama, dada," Kitinda akasema, akainama amshike mikono amwinue.